Kabla ya Kupiga Sururu, Tuulize Chini Kuna Nini



Kazi ya kuchimba inadharauliwa. Mtu akishapewa sururu na beleshi huhesabiwa kuwa ni kibarua tu, asiye na haja ya kuelezwa mambo mengi. Huonyeshwa mstari wa chokaa, huambiwa achimbe kutoka hapa mpaka pale, kina cha mita moja, na kazi huanza. Hakuna anayemwambia kama chini ya mstari ule umepita waya wa umeme, au bomba la mafuta, au shimo la zamani la maji machafu lililofunikwa kwa zege jembamba.

Na huyo ndiye anayefika chini wa kwanza. Mwenye ramani yuko ofisini, mwenye mali yuko mbali zaidi. Ikiwa kuna hatari, itamkuta yeye.

Leo tunapenda kuwaeleza habari za mashine inayoweza kutazama chini ya ardhi bila kuchimba. Mafundi huiita kwa herufi tatu, GPR. Sisi tutaiita rada ya ardhini. Tunaieleza kwa sababu mbili. Kwanza, ili tujue kuwa ipo na tuweze kuidai. Pili, ili tusidanganywe nayo. Iko siku msimamizi atasema, "Mashine imepita, chimbeni bila wasiwasi." Siku hiyo yafaa tuwe na maswali ya kumwuliza.

VITU VILIVYOFUKIWA

Viwanda vyetu vingi havikujengwa kwa siku moja. Kimejengwa kibanda cha kwanza, kikaongezwa cha pili, mtambo ukahamishwa, mwenye mali akabadilika. Kila mara mabomba mapya na nyaya mpya zimefukiwa, na za zamani zimeachwa pale pale. Ramani imeliwa na mchwa au imepotea, na fundi aliyeyajua yote kwa kichwa amekwisha staafu. Mashambani hali ni hiyo hiyo: mabomba ya kumwagilia, nyaya za pampu, matangi ya dizeli yaliyozikwa, mifereji ya wakati wa mwenye shamba wa kwanza.

Tena kuna mabomba makubwa yanayovuka nchi zetu. Bomba la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola huko Zambia, lilikamilika mwaka 1968. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Bomba la gesi la Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Sehemu kubwa ya mabomba hayo hupita chini ya ardhi, katika sehemu ambazo watu wanalima na wanajenga.

Madhara yake tumeyaona. Katika kiwanda kimoja, vibarua wanne walipewa mtaro wa kupitisha bomba jipya la maji. Ramani ya msimamizi ilionyesha mahali patupu. Siku ya pili mtaimbo wa mmoja wao ulitoboa waya wa mtambo wa zamani, ambao hakuna aliyejua kuwa bado una moto. Hakufa, lakini mikono yote miwili iliungua, na mpaka leo vidole vitatu havikunji. Barua ya kwanza aliyoipata kutoka ofisini haikuwa ya pole. Ilimtaka aeleze kwa nini ameharibu mali ya kiwanda. Chama kiliijibu barua ile kwa swali moja: ni karatasi gani aliyopewa mtu huyu iliyomwonyesha waya? Haikuwapo, na barua ikaondolewa katika faili lake. Vidole havikurudi.

MASHINE YENYEWE

Rada ya ardhini, ile inayotumika sana kwa kutafuta mabomba na nyaya, ni kigari cha kusukuma kwa mkono. Chini yake kuna kisanduku kilicho karibu kugusa ardhi. Ndani ya kisanduku kuna antena mbili, moja ya kutuma mawimbi ya redio na nyingine ya kuyapokea. Juu, mbele ya anayesukuma, kuna kioo kinachoonyesha picha.

Ukitaka kuelewa kazi yake, fikiria mtu anayepiga kelele akielekea mlima. Sauti inakwenda, inagonga mlima, inarudi kama mwangwi. Mwangwi ukirudi upesi, mlima u karibu. Ukichelewa, mlima u mbali. Rada nayo hutuma wimbi fupi la redio kwenda chini. Kila mahali ambapo kitu kinabadilika, labda udongo unakutana na jiwe, au mchanga na bomba, au zege na shimo tupu, sehemu ya wimbi hurudi juu. Mashine hupima muda uliopita. Hufanya hivyo mara nyingi sana wakati kigari kinasukumwa, na picha hujengeka kidogo kidogo.

Chuma hurudisha karibu wimbi lote. Bomba la plastiki hurudisha kidogo, lakini mara nyingi huonekana, na hii ndiyo faida kubwa ya mashine hii. Kipima-nyaya cha kawaida, kile kinacholia kikipita juu ya waya, husikia umeme au chuma tu. Bomba la plastiki hakilisikii kabisa.

Msidhani kuwa kioo kinaonyesha bomba kama picha ya kamera. Kinaonyesha alama kama bakuli lililofunikwa, na sababu yake si ngumu. Mashine huanza kuliona bomba kabla haijafika juu yake. Hapo wimbi linakwenda kwa mshazari, njia ni ndefu, na alama inaonekana chini. Kigari kikikaribia, njia inafupika na alama inapanda. Kikiwa juu ya bomba hasa, alama iko kileleni. Kikipita, inashuka tena. Kwa hiyo bomba liko penye kilele cha bakuli. Bakuli moja halitoshi. Mpimaji lazima apite mistari mingi sambamba, kisha avuke mistari hiyo kwa upande, apate kuona alama zikijipanga kufuata njia ya bomba. Bomba linalokwenda sambamba na njia ya kigari haliwezi kutoa alama ya bakuli. Mpimaji aliyepita upande mmoja tu hajamaliza kazi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1910 Gotthelf Leimbach na Heinrich Löwy waliandikisha huko Ujerumani uvumbuzi wa kutafuta vitu vilivyo chini ya ardhi kwa mawimbi ya redio. Mwaka 1929 W. Stern alitumia mawimbi hayo kupima unene wa barafu ya mlimani nchini Austria. Mwaka 1972 chombo cha Apollo 17 kilichukua rada ya kupima chini ya uso wa Mwezi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 mashine hizi zilianza kuuzwa kwa makampuni. Basi mwajiri asituambie kuwa ni mambo ya kesho. Kama amepata fedha za kununua katapila, na fedha za kukodi mpimaji kwa siku moja au mbili zitafutwe.

Wengine wanauliza kama mawimbi haya yanadhuru mwili. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya simu ya mkononi, na yanaelekezwa chini. Tishio ni kile kilicho chini ya ardhi, na pia kuamini mashine kupita kiasi.

HESABU MOJA YA KUKUMBUKA

Mashine haipimi kina kwa futi kamba. Inapima muda, kisha inakisia kina. Hapo ndipo kosa linapoingia, na kila mchimbaji anaweza kuielewa hesabu hii.

Mawimbi ya redio hewani hukimbia sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ardhini yanapungua mwendo, na maji ndiyo yanayoyapunguza zaidi. Katika udongo ulio mkavu kiasi ni kama sentimita 10. Katika udongo uliolowa yanaweza kushuka mpaka sentimita 6.

Sasa tuseme mwangwi umerudi baada ya sehemu 20 za namna hiyo. Mpimaji akiuhesabu udongo kuwa mkavu, atasema wimbi limesafiri sentimita 200, kwenda 100 na kurudi 100. Ataandika kuwa waya uko kina cha mita moja. Lakini kama mvua imenyesha wiki nzima na udongo umelowa, wimbi limesafiri sentimita 120 tu, na waya uko kina cha sentimita 60. Mashine ni ile ile na muda ni ule ule, lakini tofauti ni sentimita 40. Mtu aliyeambiwa mita moja atapiga sururu kwa nguvu zote katika nusu mita ya kwanza, akidhani bado yuko mbali.

Kwa sababu hiyo mpimaji mzuri haamini kina mpaka amejaribu mashine yake juu ya kitu ambacho kina chake kinajulikana, au amesoma mwendo wa wimbi kutokana na umbo la bakuli kwenye kioo. Tumwulize: udongo huu umeupimaje?

MAHALI RADA INAPOKUWA KIPOFU

Katika barafu ya Antaktika mawimbi ya redio yameshuka kilomita kadhaa. Katika mchanga mkavu mashine ya kigari huweza kuona mita kadhaa. Lakini katika udongo wa mfinyanzi uliolowa huenda isifike hata mita moja, na katika ardhi yenye maji ya chumvi haioni karibu chochote. Udongo wa namna hiyo huyanywa mawimbi kabla hayajarudi. Wenzetu wanaofanya kazi penye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na wale walio kando ya bahari au karibu na mashamba ya chumvi, wajue kuwa kioo kitupu hakimaanishi ardhi tupu. Huenda mashine haikuona.

Kuna vipofu vingine. Chini ya sakafu yenye nondo nyingi zilizokaribiana, nondo hurudisha mawimbi na kuficha vilivyo chini yake. Waya mwembamba uliolala chini ya bomba kubwa hufichwa na bomba. Ardhi iliyojaa mawe na matofali ya jengo lililovunjwa hutoa alama nyingi mno. Na kadiri kitu kinavyokuwa chini ndivyo kinavyotakiwa kuwa kikubwa ili kionekane. Wapimaji hukadiria kuwa upana wake usipungue sana sehemu moja ya kumi ya kina chake. Yaani bomba lililo kina cha mita moja na nusu liwe na upana wa kama sentimita 15. Waya mwembamba kwa kina hicho waweza kupita bila kuonekana.

Mpimaji hawezi kuiondoa shida hii kwa kubadili antena tu. Antena ya mitetemo michache hushuka mbali lakini haioni vitu vidogo. Ile ya mitetemo mingi huona vidogo lakini haishuki. Kwa mabomba na nyaya wengi hutumia antena za kati, baina ya megahezi 250 na 500.

Isitoshe, rada haisemi bomba limebeba nini, kama ni maji au gesi. Haisemi kama waya una moto. Haisemi kama shimo lina hewa ya sumu. Wala haizuii kuta za mtaro kuanguka, na mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa kama tani moja na nusu au zaidi. Kupimwa ardhi hakuondoi haja ya kuegemeza kuta za mtaro kwa mbao.

KUJUA PEKE YAKE HAKUTOSHI

Tunawaletea mfano wa Ulaya, mahali penye ramani na mashine nyingi kuliko kwetu. Tarehe 30 Julai 2004, katika eneo la viwanda la Ghislenghien nchini Ubelgiji, bomba kubwa la gesi lilipasuka na kulipuka. Watu 24 walikufa na zaidi ya 130 walijeruhiwa, miongoni mwao wafanyakazi na wazima moto waliokuja kwa sababu ya harufu ya gesi. Ilionekana kuwa bomba lilikuwa limekwaruzwa na mashine ya ujenzi wakati wa kazi za hapo kabla. Halikupasuka siku ile. Lilikaa na jeraha lake mpaka likashindwa.

Bomba lile lilikuwa likijulikana. Fundisho lake ni kuwa habari ya chini ya ardhi lazima ifike kwa yule aliye kwenye usukani wa mashine, na kila mkwaruzo lazima usemwe siku ile ile. Na hapa tuseme kweli. Mfanyakazi anayejua kuwa atakatwa mshahara akikwaruza bomba atalifukia akae kimya. Adhabu ya namna hiyo huuficha mkwaruzo mpaka siku ya mlipuko.

SHERIA INASEMAJE

Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1988, unahusu usalama katika ujenzi. Kifungu chake cha 19 kinataka tahadhari ichukuliwe penye uchimbaji, na uchunguzi unaofaa ufanywe ili kujua hatari zilizo chini ya ardhi, kama vile maji yanayopita na mifuko ya gesi. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unamlinda mfanyakazi anayejiondoa kwenye kazi kwa sababu nzuri ya kuamini kuwa uhai au afya yake iko katika hatari kubwa iliyo karibu. Anatakiwa aripoti mara moja kwa msimamizi wake, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi wakati hatari hiyo bado ipo. Juni 2022 mkutano mkuu wa ILO uliingiza usalama na afya kazini katika haki za msingi za kazi, ambazo nchi zote wanachama zinapaswa kuziheshimu.

Nchi zetu pia zina sheria zake za usalama na afya mahali pa kazi: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006, Kenya ya mwaka 2007. Wajumbe wa matawi watafute nakala na kuzisoma pamoja na wenzao. Kama kilivyosema kinywa cha wazee, usilolijua ni kama usiku wa giza.

MAMBO YA KUDAI KABLA YA KUCHIMBA

Tunashauri kila tawi liyapeleke mambo haya kwa mwajiri kwa maandishi, kabla kazi haijaanza.

1. Ramani zote zikusanywe: za kiwanda, za shirika la umeme, za maji, za simu na za wenye mabomba ya mafuta na gesi. Wazee waliofanya kazi hapo zamani waulizwe na walipwe kwa siku yao.

2. Ardhi ipimwe kwa rada pamoja na kipima-nyaya, si kimoja tu. Kile kisichoonwa na kimoja huenda kikaonwa na cha pili. Mpimaji aandike mahali ambapo mashine haikuona, si pale tu ilipoona.

3. Alama zipigwe juu ya ardhi kwa rangi na vigingi, na jina la kitu liandikwe. Rangi zina maana tofauti katika nchi mbalimbali, kwa hiyo rangi peke yake haitoshi. Mvua ikifuta alama, zipigwe upya kabla ya kuendelea.

4. Umeme uzimwe na bomba lifungwe kila inapowezekana. Pale isipowezekana, sababu itolewe kwa maandishi.

5. Karibu na alama yachimbwe kwanza mashimo ya majaribio, kwa mkono na kwa beleshi, polepole, mpaka kitu chenyewe kionekane kwa macho. Hapo katapila, sururu na mtaimbo visitumike.

6. Mkwaruzo wowote uripotiwe mara moja, kazi isimame, na aliyeripoti asiadhibiwe.

7. Wachimbaji wote waelezwe matokeo kwa lugha wanayoielewa, pamoja na vibarua wa siku na wale walioletwa na mkandarasi.

Jambo hili la saba msilione dogo. Mahali pamoja tulikuta ardhi imepimwa vizuri kabisa na fedha zimelipwa. Lakini ripoti ilikuwa ya Kiingereza, na ilikuwa imefungiwa katika mtoto wa meza. Waliokuwa mtaroni hawakuwa na habari kuwa ripoti ipo. Tulipoomba isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wote, kazi ya kusoma haikumaliza saa moja. Siku ile ile mstari wa chokaa ulisogezwa hatua sita, kwa sababu ulikuwa umepita juu ya waya mkubwa.

Ndugu, hatudai mashine kwa ajili ya kujivunia mashine. Tunadai mtu anayetumwa kuchimba ajue anachimba juu ya nini. Mkiitwa kesho kuchimba mtaro, kabla hamjashika zana mwulizeni msimamizi: chini kuna nini, mmejuaje, na ni wapi hamkuweza kuona? Ulizeni mkiwa pamoja, maana anayeuliza peke yake huitwa mkorofi. Kama hakuna jibu, mwiteni mjumbe wa chama, naye aandike tarehe, saa na jibu alilopewa.